Gramu 15 zinazoamua nani anyongwe

Kwenye mashauri ya dawa za kulevya nchini Singapore kuna namba inayojirudia mno: gramu 14.99. Hati ya mashtaka husema mshtakiwa alikutwa na "si pungufu ya gramu 14.99" za diamofini, yaani heroini safi. Anayeisoma kwa mara ya kwanza hudhani mizani ndiyo iliyosema hivyo. Mara nyingi mizani ilisema zaidi. Mwendesha mashtaka ndiye aliyeishusha namba, kwa sababu kikizidi gramu 15 mtu ananyongwa, na chini ya hapo anafungwa na kuchapwa viboko. Kati ya 14.99 na 15 kuna miligramu 10, kiasi kidogo kuliko chumvi unayoichota kwa ncha za vidole viwili.

Nimeanza na namba hiyo makusudi. Mjadala wa kuwanyonga wauza unga kwa kawaida huanzia juu: uhai ni wa Mungu, jamii ina haki ya kujilinda, anayeua kwa unga naye afe. Hoja hizo zina uzito wake na nitazifikia. Lakini anayetaka kujua sheria hii inamfanya nini nani, hana budi ashuke hadi kwenye mizani, maabara na karatasi za polisi. Huko ndiko inakoonekana kwamba sheria imejengwa ipime mzigo, na mzigo siku zote uko mikononi mwa mtu wa chini kabisa. Papa, yaani mwenye biashara, hashiki mzigo. Anayeushika ni punda, mbebaji wa kutumwa.

Viwango vyenyewe havifanani hata kati ya majirani. Singapore, ambako sheria ya dawa za kulevya ni ya mwaka 1973 na adhabu ya kifo ikaingizwa 1975, mstari umechorwa kwenye gramu 15 za heroini safi, 30 za kokeini, 250 za methamfetamini, 500 za bangi na 1,200 za afyuni. Malaysia, chini ya sheria yake ya 1952, mtu huchukuliwa kuwa mfanyabiashara wa dawa akikutwa na gramu 15 za heroini, 40 za kokeini, 50 za methamfetamini au 200 za bangi. Nchini China kifo kinaingia kwenye orodha ya adhabu kuanzia gramu 50 za heroini au methamfetamini, ingawa jaji anaweza pia kutoa miaka 15 au kifungo cha maisha. Iran ilikuwa ikinyonga kwa gramu 30 za heroini mpaka mwaka 2017, kiwango kilipopandishwa hadi kilo 2. Kwa afyuni na bangi kikapanda kutoka kilo 5 hadi 50. Kwa hiyo gramu 300 za bangi ni jambo la kufa na kupona ukiwa Johor, upande wa Malaysia, na ukivuka maji kuingia Singapore ni miaka ya kifungo. Methamfetamini ya gramu 100, hali kadhalika. Mmea ni ule ule na kemikali ni ile ile; kilichobadilika ni mstari aliouchora mtunga sheria.

Tofauti iliyo kubwa zaidi hata hivyo haionekani kwenye namba hizo. Iko kwenye swali la kinachopimwa hasa.

Chukua kifurushi cha unga cha gramu 300, unga uliochakachuliwa mpaka heroini iliyobaki humo ni asilimia 4. Heroini safi ni gramu 12. Kwa Singapore, inayohesabu kilicho safi tu, hapo mtu hanyongwi. Sheria ya jinai ya China inasema uzito uhesabiwe kama ulivyokutwa bila kugeuzwa kwa kiwango cha usafi, kwa hiyo kifurushi kile kile ni mara sita ya kiwango cha kifo. Sasa pandisha usafi kutoka asilimia 4 hadi 6. Heroini safi inakuwa gramu 18, na Singapore nayo inanyonga. Kwa macho, kwa mkono, hata kwa mizani ya dukani, vifurushi hivyo viwili havina tofauti. Punda aliyekabidhiwa kimoja hajui asilimia hiyo na hana njia ya kuijua. Alikikuta kimefungwa kwa plastiki na gundi. Uhai wake uliamuliwa na mtu aliyekaa chumba kingine, nchi nyingine pengine, akichanganya unga kwa kijiko. Sijaona mtetezi wa sheria hii aliyelijibu jambo hili kwa ukamilifu. Tunamwadhibu mtu kwa kipimo ambacho yeye mwenyewe hakukifahamu wala hangeweza kukifahamu.

Kwa bangi ni uzito wa mmea wenyewe, na mmea una maji. Bangi mbichi ikikauka hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Kwa hiyo siku ya kupimwa nayo ina maana: kilichopimwa asubuhi ya kukamatwa na kilichopimwa wiki kadhaa baadaye maabara vinaweza kutoa namba mbili. Wakili makini hudai zote mbili na kuuliza kwa nini zimetofautiana.

Hapo tumeingia kwenye safari ya kielelezo, na niielezee polepole, maana hukumu nyingi husimama au huanguka hapo. Mzigo ukikamatwa, unatakiwa upigwe picha ulipokutwa kabla ya kuguswa. Kila kifurushi kipewe alama yake. Kipimwe mbele ya mtuhumiwa, kwanza pamoja na plastiki na gundi yake, na namba hiyo iandikwe kuwa ni uzito wa jumla. Kiingizwe kwenye mfuko wa kielelezo, mfuko ufungwe kwa lakiri, aliyefunga na aliyeshuhudia watie saini, tarehe na saa. Kisha kinakwenda stoo, na kutoka stoo kwenda maabara, na kila mkono kinapopita kunatakiwa kuwe na jina la aliyetoa na la aliyepokea. Maabara, mkemia anafungua lakiri, anaondoa vifungashio, anapima uzito halisi, anausaga na kuuchanganya unga ili kila sehemu ifanane na nyingine, anachukua sampuli na kuipitisha kwenye mashine ya kromatografia inayotenganisha kemikali na kuonyesha heroini ni asilimia ngapi. Asilimia hiyo ikizidishwa kwa uzito halisi ndipo tunapopata gramu zinazoua.

Makosa huingilia sehemu zinazojulikana. La kwanza ni kuchanganya vifurushi. Polisi anakuta vifurushi kumi kwenye begi na kumi kwenye gari, anavitia vyote mfuko mmoja. Kuanzia dakika hiyo haiwezekani tena kusema mwenye begi alikuwa na kiasi gani na mwenye gari kiasi gani, na kila mmoja anaweza kubebeshwa vyote ishirini. La pili ni sampuli. Mkemia akichukua kutoka vifurushi vitatu kati ya hamsini na kuzidisha kwa wote, anachukulia kwamba vyote vimechanganywa sawasawa, wakati huenda baadhi vina sukari zaidi. Kwa shauri la kawaida kosa hilo linaathiri miezi kadhaa ya kifungo. Kwa mtu aliye kwenye gramu 15.8 linaamua kama ataishi. La tatu ni mizani yenyewe: mizani ya polisi isiyohakikiwa inaweza kupishana na ya maabara kwa gramu nzima, na mahakama hulazimika kuamua imwamini nani. La nne, na hili ndilo baya kuliko yote, ni pengo la siku au saa ambalo halina saini ya mtu. Kielelezo kilitoka stoo Jumanne kikafika maabara Ijumaa, kilikuwa wapi? Katika makosa mengine pengo kama hilo huweza kurekebishwa kwa ushahidi mwingine. Hapa kielelezo ndicho kesi nzima.

Baada ya gramu inakuja akili ya mshtakiwa, na hapo sheria hizi hufanya jambo ambalo watu wengi wanaozitetea hawalijui. Kwa kawaida upande wa mashtaka hubeba mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu alijua alichokifanya. Kwenye dawa za kulevya mzigo huo hugeuzwa kwa kile kinachoitwa dhana ya kisheria. Singapore, ukikutwa na zaidi ya gramu 2 za heroini safi unadhaniwa kuwa zilikuwa za biashara. Ukiwa na funguo za nyumba, gari au sanduku lenye mzigo, unadhaniwa kuwa mzigo ni wako na kwamba ulijua ni dawa gani. Ni juu yako kuonyesha kwamba hukujua, na kuonyesha usichokijua ni kazi ngumu kupita zote. Utamwita shahidi gani? Aliyekupa begi hapatikani, namba yake ya simu imezimwa, jina alilokupa si lake.

Mpaka mwaka 2019 Malaysia iliruhusu dhana hizo zipangwe moja juu ya nyingine: kwa kuwa begi lilikuwa mkononi mwako tunadhani ulijua kilichomo, na kwa kuwa tumedhani ulijua, na gramu zinazidi kiwango, tunadhani ulikuwa ukifanya biashara. Hatua mbili za kudhani, kisha kitanzi. Aprili mwaka huo Mahakama ya Shirikisho ilikifuta kifungu kilichoruhusu hivyo, ikisema kinakiuka katiba. Mahakama ya Rufani ya Singapore nayo imeshasema kwamba dhana ya kujua na dhana ya kufanya biashara zisitumike zote mbili dhidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Kuna shauri moja linaloonyesha jinsi suala la kujua lilivyo jembamba. Mama mmoja raia wa Australia alikamatwa Kuala Lumpur Desemba 2014 na zaidi ya kilo moja ya methamfetamini iliyoshonewa ndani ya begi. Alieleza kuwa alikwenda Shanghai kukutana na mchumba aliyempata mtandaoni, na begi alipewa na mtu baki alibebe. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilimwachia. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikamhukumu kunyongwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Shirikisho ikamwachia huru. Ushahidi ulikuwa ule ule, mwanamke yule yule, na majaji wazoefu walimsoma moyo wake wakapata majibu yanayopingana. Kama angekuwa hana mawakili waliofuatilia mpaka ngazi ya mwisho, jibu la katikati ndilo lingebaki.

Tena kushika mzigo si lazima. Tangaraju Suppiah alinyongwa Singapore tarehe 26 Aprili 2023 kwa kula njama ya kusafirisha gramu 1,017.9 za bangi ambazo hakukutwa nazo. Aliunganishwa nazo kwa namba mbili za simu na maneno ya mashahidi.

Sasa nirudi kwa papa. Mwaka 2012 Singapore iliona tatizo la kuwanyonga wabebaji, ikaifanyia sheria yake marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2013. Mtu anaweza kuepuka kitanzi na kupewa kifungo cha maisha na viboko visivyopungua 15 akitimiza masharti mawili kwa pamoja. Kwanza, athibitishe kwamba kazi yake ilikuwa kubeba, kutuma au kufikisha tu. Akigawa mzigo na kuufunga upya kwa ajili ya wateja, hata kama ni kwa kuagizwa, mahakama humwona kuwa amevuka mpaka wa ubebaji. Pili, mwendesha mashtaka ampe cheti kwamba amewasaidia polisi kwa kiasi cha maana kuvuruga biashara hiyo. Badala ya cheti, mbebaji anaweza pia kuthibitisha kwamba alikuwa na ugonjwa wa akili uliopunguza wajibu wake kwa kiasi kikubwa.

Cheti hicho kitazame kwa makini. Hakiulizi kama ulisema kweli. Hakiulizi kama ulitoa kila unachokijua. Kinauliza kama ulichokisema kiliwafaa polisi. Mbebaji aliyepewa mzigo na mtu aliyemjua kwa jina la utani pekee anaweza kueleza yote, kwa machozi, na asipate cheti kwa sababu jina la utani halikamati mtu. Aliye juu yake, anayeyajua majina, njia na akaunti, ana kitu cha kuuza. Kwa hiyo mlango wa huruma umewekwa mahali ambapo anayejua mengi anaufikia kwa urahisi kuliko asiyejua kitu.

Matunda yake yanaonekana kwa vijana wawili wa Malaysia. Yong Vui Kong alikamatwa Singapore mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 19, na gramu 47.27 za heroini. Alihukumiwa kunyongwa. Sheria ilipobadilika alipewa cheti, na Novemba 2013 hukumu yake ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha na viboko 15. Nagaenthran Dharmalingam alikamatwa mwaka 2009 kwenye kituo cha mpakani cha Woodlands, kifurushi kikiwa kimefungwa pajani, gramu 42.72. Kipimo cha uwezo wa akili yake (IQ) kilionyesha 69, ilhali wastani wa watu ni 100. Hakupata cheti, na mahakama ikakataa kwamba hali ya akili yake ilitosha kumwondoa kwenye kitanzi. Alinyongwa tarehe 27 Aprili 2022. Aliyekuwa na mzigo mzito zaidi ndiye aliyepona.

Nimesema nitawasikiliza wanaoitetea adhabu hii, na wanastahili kusikilizwa kwa heshima. Wengi wao hawazungumzi kwa ukatili. Wanazungumza kama watu waliomwona mtoto akiuza vyombo vya ndani, akaanza kumwibia mama yake, mwisho akakutwa chooni na sindano mkononi. Wanasema: unayemwita punda alijua anabeba kitu kibaya, alilipwa, na kila gramu aliyoibeba ilikuwa inakwenda kwenye mshipa wa mtoto wa mtu. Wanasema Singapore ni nchi ndogo, iko karibu na Pembetatu ya Dhahabu ambako Myanmar, Laos na Thailand zinakutana na ambako heroini na methamfetamini hutengenezwa kwa wingi, na kwamba bila ukali ingeshafurika. Wanataja takwimu za serikali: watumiaji waliokuwa wakikamatwa miaka ya 1990 walikuwa kama 6,000 kwa mwaka, siku hizi ni kama 3,000. Kilio hicho ni cha kweli, na anayepinga adhabu ya kifo bila kukisikia hana anachowaambia wazazi hao.

Lakini hoja ya kwamba kifo kinazuia biashara inabidi ipimwe, kama sheria inavyopima unga. Takwimu ambayo Wizara ya Mambo ya Ndani ya Singapore huitoa mara nyingi ni ya afyuni: kwamba katika miaka minne baada ya kifo kuwa adhabu ya lazima kwa zaidi ya gramu 1,200, wastani wa uzito wa afyuni uliosafirishwa ulipungua kwa asilimia 66. Isome tena polepole. Kilichopungua ni wastani wa uzito kwa safari. Hilo linaonyesha kwamba wasafirishaji waliujua mstari wakaanza kubeba chini yake. Halionyeshi kwamba afyuni iliyoingia kwa jumla ilipungua, kwa sababu aliyekuwa akituma kilo moja na nusu kwa mtu mmoja anaweza kutuma gramu 750 kwa watu wawili. Watu waliowekwa hatarini wameongezeka, na mzigo ni ule ule. Na kushuka kwa idadi ya watumiaji kulikuja pamoja na vituo vya lazima vya urekebishaji, vipimo vya mkojo vya mara kwa mara na mipaka inayolindwa kwa ukali mno. Kusema kitanzi ndicho kilichofanya kazi yote ni kukipa sifa ambayo hakuna aliyeweza kuitenganisha.

Tuutazame ukanda mzima basi. Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki kuna nchi nyingi zenye adhabu hii. Mwaka 2023, kwa hesabu za Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu, methamfetamini iliyokamatwa huko ilifika tani 190, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Na sababu yake ni ya kibiashara. Gharama ya kutengeneza kilo moja ni ndogo sana ikilinganishwa na bei yake ikifika sokoni, kwa hiyo mwenye mali anaweza kupoteza mizigo kadhaa na bado akapata faida. Mbebaji aliyenyongwa, kwake, ni gharama nyingine ya usafirishaji, kama mzigo uliotupwa baharini. Punda wa kesho ameshapatikana: ana deni, au mgonjwa nyumbani, au ameahidiwa kazi. Naye, wakati anafunga begi, hesabu anayoifanya ni moja tu: nitakamatwa au sitakamatwa. Watafiti wa uhalifu wamekuwa wakisema kwa miongo mingi kwamba uhakika wa kukamatwa humtisha mtu kuliko ukubwa wa adhabu, na mbebaji ambaye ameambiwa kila kitu kimepangwa haoni kwamba adhabu inamhusu.

Iran imetupa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Baada ya viwango kupandishwa Novemba 2017, walionyongwa kwa dawa za kulevya walishuka kutoka zaidi ya 200 mwaka huo hadi chini ya 30 mwaka 2018. Kisha kuanzia 2021 namba ikapanda upya, na mwaka 2023 shirika la Amnesty International lilihesabu 481, bila bunge kurudisha viwango vya zamani. Sheria ile iliacha milango: mtu mwenye silaha, kiongozi wa mtandao, aliyetumia mtoto, aliyewahi kufungwa zaidi ya miaka 15. Mahakama zinazotaka kunyonga zilipata pa kupitia. Anayedhani kwamba kupandisha gramu kunatosha aitazame Iran. Na Saudi Arabia, iliyokuwa imesitisha kuwaua watu wa dawa za kulevya kwa karibu miaka mitatu, ilianza tena Novemba 2022 bila taarifa, na ndani ya mwezi huo watu 20 wakauawa.

Kuna madhara mengine ambayo polisi wenyewe wanayajua ila hayasemwi sana kwenye mjadala. Papa hukamatwa kwa taarifa kutoka nchi nyingine, na nchi zilizofuta adhabu ya kifo husita kuzitoa. Mwaka 2005 polisi wa Australia waliwapa wenzao wa Indonesia taarifa za kundi la vijana tisa wa Australia waliokuwa wakisafirisha heroini kutoka Bali. Wawili kati yao, Andrew Chan na Myuran Sukumaran, walipigwa risasi kisiwani Nusakambangan tarehe 29 Aprili 2015. Kabla ya hapo Australia ilikuwa imeshabadilisha miongozo yake ya lini polisi wanaweza kutoa taarifa ambazo zinaweza kumfikisha mtu kwenye kifo. Denmark iliondoa fedha zake kwenye miradi ya kupambana na dawa za kulevya nchini Iran kwa sababu hiyo hiyo. Kumrudisha mtuhumiwa nako hukwama: nchi nyingi za Ulaya hazimtoi mtu bila ahadi ya maandishi kwamba hatauawa. Matokeo yake ni kwamba kigogo mwenye hati ya kusafiria nzuri anakaa nchi ambayo haitamtoa, na kijana wake aliyekutwa uwanja wa ndege anakabiliana na kamba peke yake.

Sheria ya kimataifa nitaipitia kwa ufupi. Mkataba wa haki za kiraia na kisiasa, ibara ya 6, unazitaka nchi zisizofuta adhabu ya kifo ziitumie kwa makosa mazito kupita yote pekee. Kamati inayousimamia ilisema mwaka 2018 kwamba maana yake ni kuua kwa kukusudia, na kwamba dawa za kulevya hazimo. Indonesia, Iran na Vietnam ni wanachama. Singapore, Malaysia na Saudi Arabia si wanachama, na China ilitia saini bila kuridhia. Singapore hujibu kwamba hakuna makubaliano ya dunia juu ya makosa gani ni mazito kupita yote. Mabishano hayo yamedumu miaka na sioni yakimwokoa mtu aliye kwenye foleni leo.

Kinachowaokoa ni mabadiliko madogo ya kisheria, na hayo yapo. Pakistan iliiondoa adhabu ya kifo kwenye sheria yake ya dawa za kulevya mwaka 2023. Vietnam, kuanzia tarehe 1 Julai 2025, imeiondoa kwa kosa la kusafirisha, huku ikiibakiza kwa wanaouza. Angalau imekubali kwamba kubeba na kumiliki biashara ni vitu viwili. Kanuni mpya ya adhabu ya Indonesia inampa aliyehukumiwa kifo miaka 10 ya kuangaliwa mwenendo kabla ya kuuawa, na akijirekebisha hukumu yaweza kugeuzwa.

La Malaysia ndilo ninaloliona la maana zaidi kwa wanaotaka kujifunza, kwa sababu halikufuta kitu chote. Tangu tarehe 4 Julai 2023 kifo si adhabu ya lazima tena. Jaji anaweza kutoa kifo, au kifungo cha maisha pamoja na viboko visivyopungua 12 kwa wanaoruhusiwa kuchapwa. Sheria ya pili ikawapa waliokwisha kuhukumiwa siku 90 za kuomba hukumu zao zitazamwe upya na Mahakama ya Shirikisho. Hapo wakili alisimama na kusema mambo ambayo kwa miaka 40 hayakuwa na nafasi mbele ya jaji: mteja wangu alikuwa na umri gani, nani alimtuma, alilipwa kiasi gani, ameishi vipi gerezani, mama yake bado anamtembelea. Uzito wa mzigo ukabaki kuwa jambo moja kati ya mengi. Mamia ya hukumu za kifo zilifutwa kwa njia hiyo. Zipo ambazo mahakama, baada ya kusikia yote, iliamua zibaki.